Lori Tatu Zimebita

Mwalimu alimrudisha Shamis nyumbani kabla ya saa nne asubuhi, amemshika ncha ya mkono wa gauni kama mtu aliyebeba kibuyu kinachovuja. Alama za meno zilikuwa bado mbichi juu ya kiganja cha kulia cha mwalimu.

"Mama Shamis, mimi nimeshindwa," alimwambia Arbia, akimwonyesha ule mkono. "Nilimwambia akae chini tu, basi. Mlete tena akiwa tayari."

"Atakuwa tayari lini, mwalimu?"

Mwalimu alizitazama nyumba za mikeka zilizopangwa safu ndani ya ua wa seng'enge uliojengwa na jeshi, kisha akaenda zake. Ilikuwa mara ya tatu tangu Idi. Shamis, mtoto wa miaka kumi na miwili, aliingia ndani, akalipiga teke birika la udhu, akajilaza kifudifudi juu ya ngozi kana kwamba hakuna lililotokea.

Arbia hakumpiga. Alikwisha jua kwamba akimpiga asubuhi, mchana atalia yeye mwenyewe. Alikwenda nyuma ya sanduku la bati, akatoa daftari, akalamba ncha ya penseli, akaandika: "Saa nne kasorobo. Ameuma mwalimu mkono ya kulia. Amebiga birika teke. Mimi sikubiga mtoto." Akayasoma mara mbili. Kile kilichokuwa kimemkaba kooni kikashuka kidogo, kama tonge kavu lililopata maji. Akalirudisha daftari mahali pake, akaenda kuokota birika.

Daftari hilo alipewa na Alio, dresa, yaani mfunga vidonda, wa zahanati ambako Arbia alifagia na kuchemsha sindano. Alio alikuwa mtu wa Mandera, mkavu wa maneno, asiyependa kuharibiwa vitu. Siku moja alimkuta Arbia amesimama mbele ya jiko, maji yamekauka sufuriani, sindano zinaungua, naye anazitazama bila kuziona. Alio alizima jiko, akamuuliza kulikoni. Arbia akamwaga yote: kuuma, mateke, kukimbilia seng'enge dakika chache kabla ya kafyu huku askari wanatazama na bunduki zao. Alio alisikiliza huku akikunja bendeji. Alipomaliza kukunja, alivuta daftari la shule kutoka kwenye rafu.

"Mgonjwa wa homa tunamwandikia nini?"

"Saa, na joto, na dawa."

"Basi mwandikie mwanao vivyo hivyo. Saa, alichofanya, na wewe ulichofanya. Pengine tutaona kitu. Tusipoona, angalau hutaniunguzia sindano."

Arbia alizaliwa hapo hapo Garissa, baba yake akiuza nyama, na kusoma alijifunza kwa kuchungulia vitabu vya kaka zake. Kisomali, lugha aliyoota nayo ndoto, hakikuwa na herufi alizofundishwa mtu shuleni. Masheikh waliandikiana Kiarabu, na ofisi ziliandika Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo aliandika Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha buchani na cha zahanati. Alijua kuandika mfupa, homa, foleni, rudi kesho. Hakuwa na neno la mtoto ambaye tangu hajatimiza arubaini alikuwa akikaza mwili kila alipobebwa. Tena, kwa kuwa ulimi wake haukuzoea kutamka p wala v, hata penseli yake haikuzizoea. Aliandika kubiga, kubita na kufunja, naye akaona ni sawa kabisa.

Wiki ya kwanza alimtii Alio, akaandika saa na tendo tu. Wiki ya pili aliandika: "Mama mkwe anasema ni jini. Mimi naona jini ni yeye." Akacheka peke yake mpaka akafuta machozi. Wiki ya tatu aliandika jambo ambalo hakuwahi kumwambia kiumbe: "Leo nimetamani mtoto huyu angezaliwa kwa mtu mwingine." Akaitazama sentensi ile kwa hofu, akangoja adhabu. Haikuja. Jioni ile alimsuka Shamis nywele, vichwa vyao karibu karibu, na hawakugombana hata mara moja.

Maana kila mtu alikuwa na lake la kusema juu ya Shamis. Mama mkwe wake, Fatumo, alisema jini lilimwingia kule Eldas, alikoolewa Arbia, siku wanajeshi walipowamiminia risasi ngamia wa ukoo kisimani, kabla familia haijakimbilia Garissa. Majirani walisema ni vita, watoto wa siku hizi wameona mengi. Mwalimu alisema ni malezi. Arbia peke yake ndiye aliyekumbuka kwamba Shamis alikuwa amemng'oa binamu yake meno mawili wakati neno shifta, jina la waasi wa porini, halijasikika bado kisimani. Lakini hilo hakuna aliyetaka kulisikia. Vita vilikuwa jibu rahisi, vilimpunguzia kila mtu lawama. Labda vilimzidishia mtoto, labda havikumzidishia. Hakujua, na kule kutojua kulimchosha kuliko kung'atwa.

Fatumo alimwita hata Sheikh Barre aje kumsomea. Shamis alikaa mbele ya sheikh, mtandio umefunika nywele zote, mikono mapajani, akaitikia amina kila palipostahili. Mbele ya wageni alikuwa hivyo siku zote, mtoto wa kutamaniwa na kila mama. Sheikh alipomaliza alimgeukia Arbia kwa upole.

"Mtoto hana kitu. Wewe mama ndiye upunguze hasira."

Arbia alimsindikiza sheikh hadi mwisho wa safu. Aliporudi, mtungi wa maji ulikuwa vipande vipande, na Shamis amesimama juu ya tope. Siku ile aliandika kwa nguvu mpaka penseli ikatoboa karatasi.

Mwisho wa mwezi Alio alilisoma daftari, kurasa za saa na matendo tu, maana zile nyingine Arbia alizifunika kwa kiganja.

"Mimi sioni mpango wowote wa hasira zake," alisema Alio. "Wewe unaona?"

Arbia alidhani anaona. Kijiji chao kilikuwa kando ya barabara iendayo Wajir, na mara mbili siku za kuuma zilikuwa siku za malori ya jeshi kupita. Kuanzia hapo akawa anaandika na malori pia: saa ngapi, mangapi, yanaelekea wapi. Kisha Alio akahamishwa kurudi Mandera, akaondoka na msafara wa askari, na Arbia akabaki na penseli yake. Wiki tatu aliandika malori. Kuna siku yalipita na Shamis akawa mpole kama kondoo. Kuna siku barabara ililala tupu na nyumba ikawaka moto. Hapakuwa na mpango. Lakini mkono ulikuwa umezoea, akaendelea kuyaandika, kama mtu anayeteremsha ndoo katika kisima kilichokauka kwa sababu kamba bado anayo.

Siku ya tatu baada ya mwalimu kumrudisha Shamis, wanajeshi walikuja kufanya msako. Lori lao lilikuwa limeshambuliwa njiani, na watu wawili walikufa. Kila mtu alitolewa nje akaketishwa juani, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Ndani ya nyumba zilisikika sufuria zikianguka. Baada ya muda askari kijana alitoka nyumbani kwa Arbia ameshika daftari, anafunua kurasa. Alifunua, akasimama, akafunua tena taratibu.

"Nani anaandika hapa?"

Arbia alisimama. Fatumo, aliyeketi kando yake, alimvuta nguo.

"Nilikuambia," alimnong'oneza. "Karatasi ni kitu cha serikali."

"Na huyu mtoto?" aliuliza askari.

"Ndiye aliyeandikwa," Arbia alijibu. Kwa hiyo wote wawili wakapelekwa kwenye hema lililokuwa langoni.

Sajini alikuwa mtu wa bara, macho mekundu, shati limeloa jasho mgongoni. Daftari lilikuwa wazi mbele yake mezani. Hakuwaambia wakae.

"Tarehe nne," alisoma. "Lori tatu zimebita saa tatu, zinaenda Wajir. Tarehe sita. Lori mbili zimebita. Tarehe tisa. Hakuna lori." Akainua macho. "Mama, nani amekutuma kuhesabu magari ya jeshi?"

"Hakuna mtu amenituma, afande. Hiyo daftari ni ya mtoto yangu."

"Kubita ndiyo nini?"

"Kubita, afande. Lori inabita barabarani."

"Na kubiga?"

"Kubiga na mkono."

"Amefunja mtungi. Mtungi ni nani?"

"Mtungi ni ya maji."

Sajini alimtazama yule askari kijana aliyesimama mlangoni. Kila neno peke yake lingeweza kuwa kosa la mwandishi. Yote pamoja, mbele ya mtu aliyezika wenzake wawili juzi, yalifanana na lugha ya watu wanaoficha jambo.

"Mume wako yuko wapi?"

"Gelle alienda Eldas kutafuta ngamia iliyobaki. Barabara ikafungwa. Hana kibali ya kurudi."

"Wote wameenda kutafuta ngamia," alisema sajini.

Arbia alieleza. Alieleza habari za kuuma, na birika, na seng'enge, na mpango alioutafuta kwenye malori asiupate. Alisema ni dresa aliyemfundisha kuandika hivyo. Dresa gani? Alio. Yuko wapi huyo Alio? Mandera. Sajini alitikisa kichwa kama mtu aliyelitegemea jibu hilo. Kadiri Arbia alivyosema ndivyo maneno yalivyozidi kupinda mdomoni mwake. Kiswahili kilichomtosha kuuza nyama na kuita wagonjwa hakikutosha kumweleza mtu jinsi mama anavyoweza kuandika malori ya jeshi kwa sababu ya mtoto.

Sajini akamgeukia Shamis.

Shamis alikuwa amesimama wima, mtandio umekaa vizuri, viganja vimekutana mbele. "Shikamoo, afande," alisema, kwa Kiswahili safi cha darasani.

"Marahaba. Unasoma darasa la ngapi?"

"La nne, afande."

"Unauma watu wewe?"

Shamis aliinamisha uso kwa haya. Sajini akamtazama Arbia, kisha mtoto, kisha daftari.

"Huyu ndiye aliyemuuma mwalimu? Huyu?"

Miaka kumi na miwili Arbia alikuwa akimwomba Mungu siku moja tu ya utulivu mbele za watu. Sasa aliomba kinyume chake. Aliomba mwanawe aipige teke ile meza, au amrukie yule askari kijana, au walau atoe ule mlio wake uliowafanya mbuzi wakate kamba.

"Shamis, mwonyeshe," alimwambia kwa Kisomali.

"Hakuna Kisomali hapa," alisema askari wa mlangoni.

Arbia alinyoosha mkono, akamfinya Shamis nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, pale ambapo kuguswa tu kulitosha kuwasha vita nyumbani. Shamis aligeuza shingo, akamtazama mama yake kwa masikitiko, kama binti aliyelelewa vyema anavyomtazama mtu mzima aliyekosa adabu.

"Sasa unamfinya mtoto," alisema sajini.

Arbia alihisi machozi yanamjaa, ya hasira, si ya woga. Sajini alirudi kwenye daftari, akalamba kidole, akafunua kurasa zile ambazo hata Alio hakuziona.

"Leo nimetamani mtoto huyu angezaliwa kwa mtu mwingine." Alisoma polepole, kwa sauti. "Hii nayo ni habari ya lori?"

Nje mtu alikuwa akikohoa. Arbia alitazama kamba ya hema mahali ilipofungwa chini, akaendelea kuitazama.

"Tarehe ishirini na mbili," sajini aliendelea. "Sheikh ameenda. Amefunja mtungi."

"Si mimi," alisema Shamis.

"Nini?"

"Mtungi sikuuvunja mimi. Aliuangusha mbuzi wa bibi. Na inaandikwa amevunja, si amefunja." Alikuwa amesogea mezani bila kuitwa. "Mama hakuniuliza. Alikuja akaona, akaandika." Akaliinamia daftari na kuanza kupitisha kidole mstari kwa mstari, na kadiri kidole kilivyoteremka ndivyo sauti ilivyopanda. "Hii ya kumpiga Amino wa darasani kwetu ni kweli, lakini si mara mbili, ni mara moja. Hii ya kutokula siku mbili si kweli, nilikula kwa jirani yetu Maryan. Hii ya mwalimu ni kweli, lakini hakuandika kwamba mwalimu aliniita mtoto wa shifta, darasa zima likacheka. Na hapa." Alipiga karatasi kwa kiganja. "Tarehe nne. Lori hazikuwa tatu. Zilikuwa nne. Moja ilikuwa imeharibika, inavutwa kwa mnyororo."

Sajini aligeukia mlangoni. Askari wa mlangoni alikohoa kidogo.

"Ni kweli, afande. Ile ya maji ilivutwa siku hiyo."

"Mimi niliona tatu," alisema Arbia, na mara akajuta kusema.

"Nne, hooyo," alimjibu mama yake. "Hukutazama mpaka mwisho. Hutazami mpaka mwisho kitu chochote."

Mtandio wa Shamis ulikuwa umeteleza hadi mabegani, mate yamejaa kwenye pembe za mdomo. Sajini alisogeza kikombe chake cha chai mbali na mkono wa mtoto. Shamis alifunua kurasa mbili nyuma, akafika kwenye ile sentensi ya kuzaliwa kwa mtu mwingine. Kidole kikasimama hapo. Hakusahihisha kitu. Alilifunga daftari, akalisukuma upande wa sajini na kurudi alipokuwa amesimama mwanzo.

"Jasusi asiyeweza kuhesabu mpaka nne," alisema sajini, si kwa mtu yeyote hasa. Alijisugua macho kwa muda mrefu. "Nendeni nyumbani."

"Daftari yangu, afande?"

"Hili linabaki."

"Ng'oa za lori, nirudishie za mtoto."

"Lori na mtoto ziko mstari mmoja, mama. Nitang'oa nini?" Akaliweka ndani ya sanduku. "Na kazi ya zahanati uache kwanza. Pale ni barabarani. Mtu aliyeandika magari hawezi kukaa pale, wakubwa wangu hawataelewa hata mimi nikielewa."

Arbia alimtanguliza Shamis nje. Alikuwa ameingia na daftari na kazi, sasa anatoka na mtoto peke yake, na mtoto mwenyewe hataki kutembea. Walipofika katikati ya lango na safu yao, Shamis aliketi chini kwenye mchanga wa moto.

"Simama, watu wanatutazama."

"Uliandika."

"Niliandika."

"Ulitaka nizaliwe kwa nani?"

Arbia hakulitegemea swali la namna hiyo. Alilifikiria kwa dhati, kwa kuwa hakuwa na nguvu tena ya kutunga uongo.

"Sikumfikiria mtu. Mtu yeyote mwenye nguvu kuliko mimi."

Shamis alichota mchanga, akauacha uvuje kati ya vidole.

"Niliandika ili nisikuambie," alisema Arbia.

"Nimeambiwa na sajini."

"Ndiyo. Hilo sikulipanga."

Shamis alimrushia ule mchanga uliobaki. Haukurushwa kwa nguvu. Ulimwangukia kwenye pindo la gauni. Kisha akasimama, akatangulia, na walipofika nyumbani jambo la kwanza alilofanya ni kumwambia Fatumo kwamba katika daftari jini ni yeye. Fatumo alihamisha chungu chake na mbuzi wake kwa binamu yake Timiro, safu ya tatu, akakaa huko siku tisa, na siku zote tisa nyumba haikuwa na maziwa.

Zilikuwa siku ngumu. Bila zahanati Arbia alishinda nyumbani tangu asubuhi, na bila daftari hasira haikuwa na pa kwenda. Mara mbili alimpiga Shamis. Mara ya pili alimpiga vibaya, akakaa nje ya mlango akijishika mkono wake mwenyewe kama mkono wa mgeni. Kesho yake alikwenda dukani kwa Issack akaomba karatasi za kufungia sukari, akazinyoosha kwa kiganja, akaandika humo. Malori hakuyaandika. Alizificha chini ya ngozi, na kabla ya adhuhuri Shamis alikuwa amezipata na kuzisoma zote.

Alizificha kwenye mkeka wa paa, zikapatikana. Alizishona ndani ya mto, zikapatikana. Hilo lilimuuma kuliko kupoteza kazi. Maandishi yanayosomwa na yule yule aliyeandikwa hayashushi kitu kooni, ni kama kusema naye tu, na kusema naye ndiko kulikomshinda tangu mwanzo. Alifika mahali akaacha kuficha. Aliziweka juu ya sanduku la bati, wazi, na Shamis akirudi kutoka kuchota maji anazisoma akiwa amesimama, ndoo ingali kichwani.

"Umeandika nimempiga Amino tena," alisema siku moja.

"Hukumpiga?"

"Nilimpiga. Andika na sababu."

"Sababu siijui."

"Niulize."

Arbia aliweka penseli chini. "Kwa nini ulimpiga Amino?"

Shamis aliteremsha ndoo na kugeukia ukuta. Siku ya pili Arbia aliuliza tena, Shamis akatoka nje. Siku ya tatu aliziba masikio. Ilipotimia wiki na zaidi, Arbia akiuliza sasa kwa ukaidi tu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo anajua wenyewe wamo, Shamis alijibu nusu. Ilihusu kalamu, na jambo alilosema Amino alipokataa kumwazima. Alipofika kwenye hilo jambo lenyewe uso ukamvimba, akashika kikombe cha bati na kukitupa, kikapiga nguzo na kubingirika mpaka mlangoni.

Arbia alikwenda akakiokota. Kilikuwa kimebonyea tu, hakikuvuja. Alikijaza maji, akayanywa yote, akakaa chini mbele ya mwanawe na kumuuliza nusu iliyobaki.